Namna ya Kumlalamikia Mungu Bila Kumwacha

Kama unasoma haya ukiwa hujalala vizuri tangu juzi na hujatia kitu tumboni tangu jana, weka gazeti kando. Kula kwanza, kisha ulale. Sitanii. Nabii Eliya alipochoka hadi kumwomba Mungu amwondolee uhai wake, kule jangwani chini ya mretemu, malaika aliyetumwa kwake hakuja na mahubiri. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Mazungumzo juu ya hali yake ya kiroho yalisubiri mpaka Horebu, mwendo wa siku arobaini. Habari hiyo imo katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, na ningependa kila kamati ya maombi iisome kabla ya kumtangazia mfungo mtu aliyefiwa wiki iliyopita.

Namwandikia Mkristo ambaye jambo lake halijaisha. Mmeomba mtoto na mwaka wa kumi wa ndoa unaingia. Umemaliza chuo, umesambaza barua za kuomba kazi mpaka sasa unaona haya kumwomba mzee nauli. Mume amepooza. Kibanda cha biashara kiliungua sokoni, lakini mkopo wa kikoba haukuungua nacho. Au hakuna msiba wa kuonekana kwa macho, ila mtu uliyemheshimu kama mtumishi wa Mungu amekuumiza, na tangu siku hiyo kila wimbo unakukera.

Watu wenye hali hizi huambiwa waongeze imani, na wasikiri udhaifu kwa midomo yao. Mimi nashauri karibu kinyume chake. Imani katika majira ya dhiki hulindwa kwa kumwambia Mungu kweli, hata ikiwa kweli chungu, na kwa kuendelea kushika mambo madogo ya kila siku wakati moyo hausikii chochote.

Mlalamikie Yeye mwenyewe

Kuna kumsema Mungu pembeni na kuna kumwendea. Anayemsema pembeni hunung'unika kwa majirani, hucheka kwa dharau akisikia watu wakiomba, na taratibu huacha kuzungumza naye kabisa. Anayemwendea hubeba manung'uniko yale yale, maneno yale yale makali, akampelekea mwenyewe. Huyu wa pili bado ana imani hata kama haioni. Hakuna mtu anayebishana na asiyeamini kwamba yupo.

Biblia imejaa watu wa namna hii. Miongoni mwa zaburi 150, nyingi sana ni za malalamiko. Ile ya 13 ina aya sita tu, na ndani yake mwombaji anamuuliza Mungu mara nne kwamba hali hii ni mpaka lini. Ya 44 inamtaka Mungu aamke, kana kwamba amesinzia. Ya 88 ndiyo inayonishangaza kuliko zote, kwa sababu haigeuki mwishoni kuwa shukrani. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Waliokusanya kitabu kile wangeweza kuiacha nje, au kuibandikia mwisho mzuri. Waliiacha ilivyo, na kichwa chake kinaonyesha ilikabidhiwa waimbaji. Ilikuwa kazi ya kwaya!

Basi fanya hivi. Funga mlango. Fungua Zaburi ya 13 uisome kwa sauti, polepole. Ukifika mahali panapotajwa adui, taja jambo lako kwa jina: deni, kansa, mtoto aliyekata mawasiliano. Kisha funga Biblia useme kwa maneno yako mwenyewe, na useme kwa lugha unayolilia. Wengi wetu tumefundishwa kusali Kiswahili cha mimbarani, chenye sifa nyingi za kutangulia kabla ya kufika kwenye shida. Malalamiko hayahitaji utangulizi. Kama kilio chako hutoka kwa Kihaya, Kikamba au Kinyakyusa, lia kwa hiyo. Malizia kwa ombi moja lililo wazi. Usiseme tu "nisaidie". Sema unataka nini, na kufikia lini kama kuna tarehe, maana karo ina tarehe na upasuaji una tarehe. Na kama ile sehemu ya mwisho ya zaburi, ya kumtumaini Mungu, inakukwama kooni, iache kwa leo. Zaburi ya 88 nayo ni Maandiko.

Kitabu cha Maombolezo kinaongeza fundisho jingine. Kiliandikwa Yerusalemu ikiwa magofu baada ya kubomolewa na Wababeli, na bado sura zake nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Yaani mtu aliyeshuhudia watoto wakizimia kwa njaa barabarani alikaa akalipanga chozi lake kwa alfabeti. Naona hekima kubwa hapo. Huzuni iliyopewa mpaka huacha nafasi kwa mambo mengine. Tenga muda wa kulia mbele za Mungu, labda robo saa alfajiri kabla watoto hawajaamka au usiku wakishalala. Ukiisha, inuka ukaoshe vyombo. Kilio kikikujia katikati ya siku ndani ya daladala, kiambie kingoje saa yake. Si kila siku kitatii, lakini mara nyingi kitatii.

Weka na daftari. Andika tarehe na sentensi mbili au tatu za ulichomwambia Mungu. Wanaofundisha kuorodhesha baraka wana sababu zao, ila mtu aliye katikati ya dhiki akilazimishwa kuhesabu baraka huishia kudanganya. Daftari la malalamiko lina faida tofauti: miezi ikipita utaona kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba hukuacha kuzungumza naye.

Wanaokuja na maelezo

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Wakaharibu walipofungua vinywa. Hoja yao ilikuwa rahisi: hakuna taabu bila dhambi, kwa hiyo tafuta dhambi yako. Kwetu hoja hiyo imevaa nguo nyingi. Itakuja kama laana ya ukoo, kama agano la mababu, kama zaka usiyotoa, kama kijicho cha shemeji. Mwishoni mwa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena sawasawa kama alivyonena Ayubu. Ayubu ndiye aliyekuwa ameilaani siku ya kuzaliwa kwake na kumdai Mungu majibu kwa sura nyingi mfululizo! Waliomtetea Mungu kwa maelezo safi ndio waliotakiwa kutoa dhabihu na kuombewa na Ayubu.

Kama ipo dhambi unayoijua, itubu, ulipe unachodaiwa, umwombe radhi uliyemkosea. Hilo ni la kila siku, dhiki ikiwepo au isipokuwepo. Kosa ni kujibunia dhambi ili msiba upate maelezo. Yesu aligusa jambo hilo hilo: katika Luka 13 alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Na kwa anayesema Mkristo mwenye imani haugui, mkumbushe Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa Uamsho, Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Miaka yake ya mwisho aliishi na ugonjwa wa Parkinson mpaka alipofariki mwaka 1988.

Andaa jibu fupi mapema, maana ukiwa na uchungu hutalipata papo hapo. Kwa shangazi anayeuliza habari za mtoto kila mkikutana harusini, inatosha: "Shangazi, tuombee tu." Sema kwa upole, ubadili mazungumzo, umuulize kuhusu mguu wake. Kwa ndugu katika Kristo anayetaka kukuchimba usiku mzima akitafuta mizizi ya tatizo: "Ndugu, nashukuru, lakini leo sina nguvu ya mazungumzo hayo. Tusali Baba Yetu, kisha tuagane." Ni haki yako kukataa kuhojiwa.

Linda dawa, linda pesa, linda tumbo

Dhiki hupunguza uwezo wa kusema hapana, na wapo wanaojua hilo vizuri sana. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi alichotoa mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Bei ile ilikuwa ndogo, wala sina nia ya kumhukumu mzee yule ambaye sasa ni marehemu. Kilichoumiza ni wagonjwa waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao wakiamini wamepona. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba wakijinyima chakula watakutana na Yesu.

Sisemi Mungu haponyi. Nimesali kwa ajili ya wagonjwa na nitaendelea. Ila jiwekee mipaka ukiwa na akili iliyotulia, uiandike, umwonyeshe mwenzi wako au ndugu unayemwamini. Usiache dawa ya presha, kisukari, kifafa au ARV kwa neno la mtu yeyote isipokuwa daktari. Uponyaji wa kweli hauogopi vipimo. Usikope ili kutoa sadaka. Usiuze kiwanja, ng'ombe wala mashine ya kushonea ili "kupanda mbegu" katika mwaka huu wa shida. Ikiwa ni agizo la Mungu kweli, bado litakuwepo utakapokuwa umetulia. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye kisukari wasifunge kula kabla ya kuzungumza na mtaalamu wa afya, na maji yasikatwe kwa yeyote. Na mtumishi akikutaka usimwambie mumeo, mkeo au wazazi wako mliyozungumza, chukua mkoba wako uondoke. Huyo hana unachokihitaji.

Kubebwa

Katika Marko sura ya 2 kuna mtu aliyepooza aliyeletwa na watu wanne. Mlango ulikuwa umejaa, wakapanda juu, wakatoboa dari la watu. Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Ya hao waliombeba. Hatuambiwi mgonjwa mwenyewe aliamini nini asubuhi ile. Huenda alikuwa amechoka na matumaini ya kila mtu.

Kwa hiyo tafuta wa kukubeba, na usisubiri wajitokeze. Watu wengi jumuiyani wanataka kusaidia ila hawajui waanzie wapi, hivyo wanaishia kusema pole na kuahidi maombi. Chagua wawili tu, wasiopenda kusambaza habari, uwape kazi maalumu. "Mama Neema, naomba Jumatano jioni uje tusali, hata dakika kumi." "Kaka, nisindikize kliniki tarehe 14." "Naomba unipigie Jumapili asubuhi uniulize kama nimeamka kwenda kanisani." Ombi la hivi humpunguzia mwenzako wasiwasi na wewe hukupunguzia aibu ya kueleza hali yako upya kila wakati. Aliyechangiwa asione haya pia. Tunachangiana harusini kwa fahari, tena kwa kadi. Mtu aliyeugulia ndani mwaka mzima anahitaji mchango kuliko maharusi wawili.

Itakuwaje kama aliyekuumiza ni wa kanisani? Kama ni masengenyo au kudharauliwa, zungumza na mzee wa kanisa au paroko, na kama hakuna mabadiliko unaweza kuhamia usharika mwingine. Kuhama usharika si kuiacha imani, ingawa wapo watakaokuambia hivyo. Kama ni kupigwa, kudhalilishwa kingono au mtoto kuguswa, usianzie kwenye kikao cha wazee. Nenda hospitali na polisi. Tanzania vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Jambo la jinai halimalizwi kwa maombi ya upatanisho sebuleni.

Msamaha utakuja baadaye, na haufanani na kunyamaza. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, na mwezi huo huo Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe Mera wakatoroka kwa miguu kupitia milimani mpaka Rwanda. Kivengere alieleza baadaye kwamba chuki dhidi ya Amin ilianza kumharibu yeye mwenyewe, na mwaka huo akaandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin. Hakuacha kuyataja hadharani maovu ya utawala ule. Ukiwa huwezi kusamehe leo, mwambie Mungu kwamba huwezi, uongeze kwamba ungependa uweze. Hata hilo la kupenda likiwa bado halijafika, mwambie hivyo.

Moyo usiposikia kitu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Wanasali na wanaona wanaongea na dari. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa 2007 dunia ilishangaa kusoma kwamba kwa takriban miaka hamsini alihisi Mungu yuko kimya kwake. Katika miaka hiyo yote aliamka alfajiri, akasali, akaenda kuwaosha waliokuwa wakifa. Sitaki kuufanya ukame wa roho uonekane mtamu; si mtamu. Ninachotaka uone ni kwamba kutosikia kitu moyoni si ushahidi kuwa umeanguka.

Kwa majira haya, sala zilizoandikwa ni bora kuliko za kubuni. Najua wapo wanaoziona kavu. Lakini mtu aliyeishiwa maneno huhitaji maneno ya kuazima: Baba Yetu, Rozari, liturujia ya Jumapili, nyimbo za kitabuni. Kitabu cha Sala cha Waanglikana kimezigawa zaburi zote 150 katika siku 30, asubuhi na jioni. Ukifuata mpango huo hutahitaji kuchagua, na zaburi ya hasira itakufikia siku yake bila wewe kuitafuta. Kuhusu nyimbo, epuka kwa muda zile zinazokudai ushindi kila ubeti. Wimbo wa "Yesu Kwetu ni Rafiki", ulioko katika Tenzi za Rohoni, ulitokana na shairi ambalo Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada, alimwandikia mama yake mwaka 1855. Mchumba wake alikuwa amekufa maji karibu na siku ya harusi yao. Wimbo wa mtu kama huyo unaweza kuuimba huku unalia bila kujiona mnafiki.

Jumapili nenda, hata ukikaa nyuma karibu na mlango. Ukishindwa kuimba, simama tu na wenzako.

Pima pia kama tatizo limevuka kiwango cha huzuni. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hupendi chochote, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, huna nguvu ya kazi ndogo, unajiona huna thamani, hiyo huenda ni sonona, na sonona hutibiwa. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa ueleze hivyo hivyo. Mawazo ya kujiua yakija, usikae peke yako hata usiku huo. Mwamshe mtu, mwambie kwa maneno ya wazi, na mwende hospitali. Mwombezi mzuri atakusindikiza huko badala ya kukukemea pepo.

Ukiitwa kushuhudia

Ibada zetu zina nafasi ya ushuhuda, lakini kwa desturi nafasi hiyo ni ya waliokwisha kuvuka. Aliyepata kazi husimama, aliyepata mtoto husimama, na aliyebaki njiani hupiga makofi. Mwaka ukiisha hivyo, huyo wa njiani huanza kuamini kwamba Mungu hana habari naye, au kwamba kanisa halina. Desturi hii inaweza kubadilika, na wa kuibadilisha ni watu kama wewe.

Kwa hiyo ukipenda, na ukiwa na nguvu, simama siku moja na jambo lako ambalo halijaisha. Taja jina lako na jambo lenyewe kwa sentensi moja, bila maelezo ya ndani yatakayogeuka gumzo la wiki. Sema bado unaomba na bado hujajibiwa. Sema kinachokuwezesha kurudi kila Jumapili, kama kipo, na kama ni yule mama anayekupigia simu asubuhi, mtaje. Omba kuombewa, kisha kaa. Dakika mbili zinatosha. Ila waone mapema mzee wa zamu na mwongoza sifa, uwaeleze kwamba ushuhuda wako hauna mwisho mzuri kwa sasa, ili kinanda kisianze kupigwa na pambio la ushindi kuinuliwa kabla hujamaliza kusema.